Baraza Lako la Kwenye Kompyuta

Mama Salha,

Nilivuruga baraza lako. Naanza na hilo kwa sababu ungekuwa hai ungeliona usoni kwangu kabla sijavuka kizingiti, ungepandisha miwani kwenye paji la uso na kusema, "Haya Tazia, tapika." Basi natapika. Ila usinune mpaka ufike mwisho, maana mwisho wake ni mzuri, na uzuri wenyewe umetokana na wewe.

Leo ni Jumapili. Nimetoka kanisani, nimekuja moja kwa moja hapa steshenari na nimefungua ubao mmoja tu wa mlango, ili watu wa Kibondo wasidhani kuna kazi. Nakuandikia kwa mkono kwenye kaunta buku. Kompyuta iko mbele yangu lakini barua hii sikutaka kuichapa, kwa sababu ningekusikia nyuma ya shingo yangu ukinihesabia nafasi baada ya kila nukta.

Nikuambie kwanza ya msiba. Ulipozikwa kule Kasulu mimi sikuliona kaburi. Wanaume walikuchukua, sisi wanawake tukabaki nyumbani kwa Salha, na mimi Mkristo wa Kumsenga nikakabidhiwa birika la chai. Nilitia iliki kama ulivyonifundisha. Shangazi yako aliyetoka Pangani akaonja, akauliza nani kapika chai hii, na mimi nikatoka nje nikalia hadi kanga ikalowa. Nilishukuru kupewa kazi. Msiba ukiwa umekaa tu mikono mitupu unakumaliza.

Siku ya tatu Salha akaniita chumbani. Mwanao unamjua, hazunguki. Akasema, "Dada Tazia, mimi nina duka langu hapa na watoto, siwezi kuendesha la Kibondo. Baada ya arobaini nitakuja kuangalia. Nikikuta kazi inakwenda, iendelee na wewe. Nikikuta imesimama, nachukua mashine." Hakusema kwa ubaya. Nilimwitikia kwa kichwa, na njia nzima ya kurudi kwenye Noah nilikuwa najiuliza swali moja: bila wewe, kazi hii mimi naiweza?

Maana unakumbuka nilivyokuja kwako. Nilikuwa muuza maharage sokoni, kazi yangu hapa ikawa kufagia na kubana karatasi pini. Kile kivinjari, mlango wa kuingilia mtandaoni, nilikuwa nakiogopa. Ukikifungua unakuta ukurasa mweupe, maneno ya Kiingereza, na kisanduku kitupu kinachokusubiri uandike jambo la akili. Mimi sikuwa na jambo la akili. Nilikuwa nafunga haraka nakwenda kufuta vumbi ambalo halipo.

Hukunicheka. Yaani ulinicheka, lakini siku ile ile ukaanza kutafuta dawa. Ukagundua kwamba kuna ukurasa wa mwanzo ambao mtu anaupanga mwenyewe anavyotaka: anaweka picha yake nyuma, salamu yake juu, na vimraba vya kule anakokwenda kila siku. Ukakaa wiki mbili unapanga. Picha ukaipiga mwenyewe asubuhi moja njiani Murungu, ukungu umelala juu ya mihogo. Juu ukaandika salamu yetu Waha ya asubuhi, "Mwakeye," na jina lako, Zuhura. Na chini vile vimraba, ambavyo wewe uliviita milango. Ukaniita nije nitazame, ukasema, "Kwetu Pangani mgeni haingizwi chumbani moja kwa moja. Anakaa barazani kwanza, anapumua. Hili ndilo baraza. Sasa wewe kaa, upumue."

Nilikaa, nikapumua. Tangu siku hiyo sikukiogopa tena, mpaka majuzi.

Na milango ile ulivyoiita! Sijaona duka lingine lenye tabia hiyo. Kila mlango ulibeba jina la mtu wa kwanza aliyeuhitaji. Mlango wa Nestori ulikuwa wa matokeo ya mitihani, kwa sababu Nestori wa kwetu Kumsenga ndiye wa kwanza kuja kuulizia matokeo ya mwanawe. Mlango wa Evelina ulikuwa wa vyeti vya kuzaliwa. Evelina hajui kusoma, na ana wajukuu wanne wa kuandikisha, basi ukamwekea picha ya kuku na vifaranga. Mlango wa Fundi Asha ulikuwa wa mishono ya vitenge. Mlango wa Bukuru ulikuwa wa redio ya Kirundi, kwa yule mzee wetu aliyevuka mpaka akiwa mtoto mgongoni, amekuwa raia zamani, lakini kila Alhamisi masikio yake yanataka kwenda kwao kusalimia.

Halafu kioo cha kompyuta ukakigeuza kimwangalie mteja. Steshenari nyingine wanakificha kama karata. Wewe ulisema mtu aone anakopelekwa. Kwa hiyo watu walijua milango yao kwa kuiona. Evelina akiingia, tukishasalimiana, tukishaulizana nyumbani na mifugo, ananyoosha kidole mwenyewe kwenye kuku.

Sasa nilivyoharibu.

Siku niliyofungua duka baada ya msiba, wa kwanza kuja kunipa pole alikuwa Mzee Bukuru. Nikawasha mashine nimwekee redio yake. Kioo kikafunguka: "Mwakeye, Zuhura." Mzee akavua kofia. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, litoe hilo jina. Mama wa watu anaamkiwa kila kukicha na hawezi kuitikia. Unamsumbua."

Wewe ni mtu wa pwani lakini umekaa na sisi miaka mingi, unajua salamu kwetu si mchezo. Mtu akikuamkia unasimama, unaitikia, mnapigiana makofi polepole mpaka ziishe. Salamu isiyoitikiwa huwa ni ugomvi, na watu wamegombania mashamba kwa sababu hiyo. Maneno ya mzee yakanikaa kifuani. Nikakuona huko uliko unaitwa kila saa mbili asubuhi, mdomo umefumba. Mama Salha, nilishindwa kuvumilia. Nikaingia mwenyewe kwenye mipangilio, mahali ulipokuwa umenikataza kuingia peke yangu, nikatafuta pa kufutia jina. Nikabonyeza hapa, nikabonyeza pale. Kikatokea kisanduku kinauliza kama nina hakika. Nilikuwa na hakika kabisa.

Jina likafutika. Na picha ya Murungu ikafutika, na Nestori, na kuku wa Evelina, na redio, na vitenge. Ukabaki ukurasa mweupe unaniuliza kwa Kiingereza mimi ni nani.

Nilifunga duka siku tatu. Nikabandika karatasi mlangoni, "Hakuna umeme," huku saluni ya jirani inakausha watu nywele na fundi wa kuchomelea anamwaga cheche barabarani. Watu wa Kibondo ni wastaarabu, waliisoma karatasi wakaondoka bila kusema neno. Mimi nilikuwa ndani nimekaa kwenye kiti chako. Nililia, sikufichi. Nilihisi nimekuzika mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu. Na Salha anakuja. Angekuta mashine imezimwa, na mwanamke mzima amekaa gizani anaogopa kisanduku kitupu, kama alivyokuwa siku ya kwanza.

Aliyenitoa ni Evelina. Siku ya nne aligonga ubao kwa fimbo, akasema kwa nguvu mtaa mzima usikie, "Tazia, fungua, umeme uko kwa kila mtu!" Nikafungua. Akaketi kwenye benchi, tukasalimiana zote, hakuruka hata moja. Halafu akanyoosha kidole kwenye kioo. Hakuna kuku. Nikamweleza yote, nikitegemea anilaani. Yule mama akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema, "Yaani ulitaka kumfukuza marehemu ukafukuza kijiji kizima?"

Alipomaliza kucheka akapekua kifuko chake cha plastiki. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nane, ile uliyomchapia wakati wa cheti cha mjukuu wa kwanza, akaniambia, "Mama Salha alisema niitunze hii, ina njia."

Nikaikunjua. Na hapo, Mama Salha, nikakukuta.

Unakumbuka ugomvi wetu wa mguu wa karatasi? Ukichapa kitu kutoka mtandaoni, chini kabisa mashine inatoa kwa herufi ndogo anwani ya kule kilikotoka. Wateja walikuwa wanataka tuikate kwa mkasi kwa sababu inachafua, na mimi nilikuwa upande wao, nilikuwa napenda karatasi safi. Wewe hukukubali hata mara moja. "Usikate mguu," ulikuwa ukisema. "Karatasi isiyo na mguu haiwezi kurudi ilikotoka." Nilidhani ni ukaidi tu wa kwenu. Kumbe kila mteja aliyetoka hapa miaka yote ile alikwenda nyumbani na njia ya kurudia.

Nikaichapa ile anwani, herufi moja moja, Evelina ananisimamia kama mwalimu wa zamu. Ukurasa wa vyeti ukafunguka. Nikaujengea mlango. Nilitaka kuuweka juu kushoto, Evelina akakataa katakata. "Mimi sikai huko. Nakaa hapa, chini ya vitenge vya Asha." Nikausogeza. Kuku hatukumpata yule yule, tukapata mwingine, mnene zaidi. Evelina akasema amenenepa kwa uchungu wa msiba.

Basi habari ikatembea sokoni. Nestori akaja na matokeo ya mwanawe, ameyatunza ndani ya kitabu cha nyimbo, na mguu wake upo. Fundi Asha akaja na mishono mitatu ya magauni iliyochakaa kwa kushikwashikwa. Yohana, yule mteja uliyemwekea mlango wa utabiri wa mvua, alishahamia Rungwe Mpya, lakini alisikia, akampa kondakta wa basi karatasi yake kwenye bahasha akaandika juu, "Kwa Tazia aliyefukuza watu." Jina hilo sasa ninalo mjini. Vijana wanalitumia. Watachoka.

Mzee Bukuru ndiye hakuwa na karatasi, maana redio haichapwi. Alikuja akiwa na aibu kubwa, anasema yeye ndiye aliyenituma. Nikamwambia mzee, vidole vilikuwa vyangu. Tukakaa mchana mzima tunafungua redio moja baada ya nyingine, yeye anasikiliza kidogo anatikisa kichwa, mpaka ikatokea sauti ya yule mtangazaji wake. Alifumba macho akasema, "Ego, ndiyo. Ni huyu." Nami nilifurahi kama niliyejifungua salama.

Salamu tuliiandika "Mwakeye" peke yake, bila jina la mtu. Mzee ameridhika. Picha nyuma nimeweka ya benchi letu hapo nje, Evelina amekaa. Alidai.

Ndivyo mambo yalivyokuwa Salha alipokuja juzi Ijumaa. Alishuka kwenye basi la kutoka Kasulu, akasalimia, akaketi kwenye benchi la wateja. Anakaa vile vile ulivyokuwa ukikaa, mguu mmoja umekunjwa chini ya gauni. Watu wakaingia, nikawasalimia, nikawaketisha, wakanyoosha vidole vyao. Msichana mmoja wa Murungu alikuja kuomba mkopo wa chuo, jambo ambalo sikuwahi kulifanya peke yangu. Nilisoma polepole, nikamwomba anisomee pale nilipokwama, tukafika mwisho. Nikamchapia. Sikukata mguu. Nikamtengenezea mlango, nikauita kwa jina lake, Domina.

Saa saba watu walipopungua nikageuka nikamwambia Salha ukweli, kabla hajausikia mtaani. Kwamba baraza aliloliona si la mama yake. La mama yake nililifuta, hili ni la kuokoteza, nusu ni langu nusu ni la wateja, na kama ni kuchukua mashine, achukue akijua.

Salha akafungua mkoba, akatoa flashi ndogo imefungwa kwenye kipande cha karatasi kwa uzi wa kushonea. Akasema, "Nisamehe, dada. Nilipewa nikupe. Msiba una mambo mengi, nilisahau kwenye mkoba." Akaniambia kwamba siku ulipopelekwa hospitali ulimwita ukampa hiyo. Karatasi ni mwandiko wako, ingawa mistari imeinama. Umeandika:

"Mpe Tazia akivuruga ukurasa. Usimgombeze. Mwambie mimi nilivuruga mara tatu. Mara ya tatu nililia chooni ili asinione."

Mama Salha. Nilisoma, nikasoma tena.

Ndani ya flashi mlikuwa na nakala ya baraza lako, zima, lilivyokuwa. Nilitoa kwanza nakala ya hili letu jipya, maana sasa nimekuwa mwoga wa akili, ndipo nikalifungua la kwako. Likatokea. Ukungu wa Murungu, kuku mwembamba, milango yote mahali pake. "Mwakeye, Zuhura." Nikaona haya, nikataka kulificha upesi. Salha akaniwekea mkono begani. Akalitazama, na yule mwanao anayejifanya hajui Kiha, akapiga makofi polepole kama tunavyofanya sisi, akaitikia, moja baada ya nyingine, mpaka zikaisha. Mtoto anaweza kuitikia kwa niaba ya mama yake. Mimi na utu uzima wangu sikuwa nimeliwaza hilo.

Kisha akaniuliza tubaki na lipi. Nikamwambia la kwako alichukue yeye, alitie kwenye kompyuta yake ya Kasulu, liwe linamwamkia. Sisi hapa tubaki na hili la kuokoteza. Akacheka, akasema, "Basi mashine inabaki." Alisema hivyo tu, akaomba chai.

Baada ya yeye kupanda basi nilikaa nikakumbuka. Kuna siku ulitoka uani macho mekundu, nikakuuliza, ukasema ni unga wa wino wa fotokopi umekuingia. Nikakuletea maji unawe. Ulinawa, ukashukuru, ukaendelea na kazi hadi jioni. Nilikuwa nakutazama vidole vinavyokimbia nikijisemea huyu mama alizaliwa anajua, mimi sitafika. Miaka yote nimejipima kwa mtu ambaye hakosei, nikajiona mfupi. Na wewe ulikuwa umelia chooni kwa kisanduku kile kile.

Asante kwa baraza. Asante kwa mguu wa karatasi. Asante kwa kunichokonoa mpaka nikajua. Lakini kuliko vyote asante kwa ile mistari iliyoinama, kwamba ukiwa mgonjwa wa kitandani, pumzi zinahesabika, ulikaa ukawaza siku nitakayokosea na ukataka nisiwe peke yangu siku hiyo. Nimesamehewa kabla ya kosa. Sijui kama kuna watu wengi duniani waliowahi kupata hivyo.

Nina uchungu kidogo pia, nikuambie. Ungeniambia mapema. Ningelia na wewe, tungecheka.

Kwa hiyo naahidi. Kila Ijumaa ninatoa nakala, hilo halina mjadala. Lakini ahadi yenyewe ni nyingine. Domina ameniomba aje hapa miezi hii anayosubiri chuo, nimfundishe, na nimekubali. Anaanza kesho. Kabla hajashika kipanya nitamwambia: mimi nilivuruga mara moja, aliyenifundisha mara tatu, na wewe utavuruga. Siku hiyo usiende chooni. Lia hapa hapa mbele, nikuone.

Pumzika salama, Mama Salha. Wote wanakusalimu, na Evelina zaidi.

Ni mimi wako,
Tazia